Mkasi Nje ya Mlango

Mkasi wa Bi Sindano ulikuwa na msumari wake nje ya mlango, na hapo ndipo uliponing'inia kila siku ya kazi, kama mwanafunzi aliyetolewa darasani kwa kuwachekesha wenzake. Na kosa lake lilikuwa hilo hilo. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya ile tamthilia ya anga, Kapteni alipokuwa akiwatangazia watu wake kwamba wameiacha dunia mwaka wa tisa sasa na hakuna wa kurudi, mkasi wa kushonea, mpini umezungushiwa kitambaa chekundu, ulionekana umejilaza juu ya meza ya mitambo karibu na kiwiko chake, umetulia kama abiria aliyelipa nauli. Watazamaji walicheka wiki nzima. Waliuliza kama huko nyotani wanapunguza suruali au wanatia viraka tu.

Dairekta hakucheka. Hakupiga kelele pia, maana hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na sauti ya pamba, na ukisikia pamba inazungumza ujue kidonda hakiko mbali. Alisema kwa upole kwamba kuanzia siku ile hakuna mkasi, kisu wala wembe utakaovuka mlango wa ukumbi wa kupigia picha. Msumari ukapigwa nje. Amri ikazoeleka. Na watu wakishaizoea amri hawaulizi tena inamlinda nani.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la kugandishia samaki. Mlango wake ulikuwa mnene kama godoro, na ukifungwa kwa ndani kwa komeo la chuma ungeweza kuchinja ng'ombe mle na mlinzi wa nje akaendelea kusinzia. Ndiyo maana waliupenda: hakuna honi wala jogoo aliyeingia kwenye picha. Harufu ya samaki ilikuwa imehama, lakini taa kubwa zikiwaka saa mbili tatu ilirudi kusalimia.

Humo ndimo walimojenga chombo chao cha anga kwa mbao nyembamba na trei za mayai zilizopuliziwa rangi ya fedha. Na humo ndimo alimoishi Dubwana.

Vazi la Dubwana alilishona Bi Sindano kwa mikono yake: sponji ya magodoro, mpira wa tyubu za magari, na magamba elfu moja na mia mbili yaliyokuwa vijiko vya plastiki kabla hayajapandishwa cheo. Macho yalikuwa taa za pikipiki. Zipu ilijaribiwa ikakataliwa, kwa sababu Dubwana akigeuka ilimetameta mgongoni, na hakuna aliyewahi kusikia kiumbe wa nyota ya mbali anayefungwa kwa zipu. Kwa hiyo aliyeingia ndani alishonewa humo humo, kutoka kiunoni hadi kisogoni, mishono arobaini na mmoja, na akitaka kutoka ilibidi atembezwe mpaka nje ya mlango, akaufuate mkasi. Ndani ya kichwa kulikuwa na feni ndogo ya betri ya kumpepea. Lakini feni ililia kama nzi kwenye chupa, na fundi sauti hakuwa na mchezo na nzi, basi taa nyekundu ya kupigia picha ikiwaka, feni ilizimwa.

Aliyekuwa akiingia humo alikuwa Mlingoti, shemeji yake Bi Sindano, mdogo wa marehemu mume wake. Urefu wake ulikuwa wa kuning'iniza bendera, wembamba pia. Alikuwa mwigizaji kwa miaka ishirini, na mama yao alikufa hajawahi kumwona akiigiza, si kwa kuwa hakutazama. Mlingoti alikuwa dubu kwenye tangazo la sabuni. Alikuwa miguu ya nyuma ya farasi. Alikuwa mti, na mti ule ulisifiwa sana. Uso wake haukutokea hata mara moja.

Lakini sehemu hii ya saba ilikuwa nyingine. Katika sehemu hii Dubwana anakufa, na Kapteni akimvua kichwa anakuta chini yake uso wa mwanadamu. Uso huo ungekuwa wa Mlingoti. Picha ya kufa ingepigwa kwanza, na picha ya uso mwisho kabisa, kwa kichwa kingine kilichotengenezwa kifunguke.

"Shemeji," alimwambia Bi Sindano wiki ile, "nimesubiri miaka ishirini kwa sekunde kumi na mbili."

"Basi nawa uso," Bi Sindano alijibu.

Lililomnyima usingizi Bi Sindano ni karatasi. Alikuwa ameiona kwenye mfuko wa suruali ya shemeji yake alipokuwa akimpima kiuno, na mfuko wa mtu mbele ya mshonaji ni dirisha lisilo na pazia. Ilikuwa ya daktari. Kifua. Asikae penye moshi, asikae penye joto, asibanwe. Mambo yote matatu yaliyokuwa kazi yake.

"Usiwaambie," Mlingoti alisema, na safari hii hakutania. "Ukisema, nitatolewa saa hiyo hiyo, na uso utakuwa wa mtu mwingine. Nimalize hii tu. Kesho yake nitalala hospitali nikitaka."

Bi Sindano aliahidi. Mdomo wake ulikuwa na pini muda mwingi, kwa hiyo ahadi zilizotoka humo zilikuwa chache, na alizitunza.

Siku ya kupiga picha ya kufa, taa ziliwashwa asubuhi. Fundi moshi alijaribu mashine yake mpaka trei za mayai zikapotea. Bi Sindano alimshona Mlingoti nje mlangoni, akakata uzi, akautundika mkasi msumarini, akamwongoza ndani kwa mkono kama bibi harusi.

"Unanukia raba, shemeji," alimwambia kwenye tundu za pua ya Dubwana.

"Na wewe unanukia umbea," sauti ikajibu kutoka mbali, kama ya mtu aliye kisimani.

Mlango ukafungwa. Komeo likaingia. Taa nyekundu ikawaka, feni ikazimwa.

Kipande kilikuwa cha dakika nne. Kapteni anampiga Dubwana kwa bunduki yake ya mwanga, Dubwana anayumba, anajivuta mpaka kwenye ukuta wa chombo, anakaa chini ameegemea, anakufa taratibu. Kwenye dakika ya tatu, moshi ukiwa umemfika kifuani, Dubwana alinyanyua mkono wa kulia akajipiga paja. Paa. Paa. Paa.

Ile ilikuwa ishara yao tangu sehemu ya kwanza. Kupiga paja mara tatu maana yake ni nitoeni. Fundi sauti alikimbia kuwasha feni, Kapteni akaweka bunduki chini na kumpepea kwa kitambaa, watu wakafungua mlango. Mlingoti alikohoa ndani ya kichwa kile, na kikohozi kikawa kinazunguka humo kama kokoto kwenye debe.

Dairekta hakuinuka. Alikuwa akiitazama picha kwenye kioo chake kidogo, anairudisha nyuma, anaitazama tena.

"Huu mkono," alisema polepole. "Mnauona huu mkono? Kama anabisha hodi kwenye mlango wa kifo." Akamgeukia dada aliyekaa kwenye kigoda na daftari mapajani. "Andika. Kwenye dakika ya tatu anapiga paja mara tatu. Kila kipande."

Dada Daftari aliandika. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuhakikisha kila kipande kinafanana na kilichotangulia, nywele kwa nywele. Yeye ndiye aliyetakiwa kuuona mkasi ule wa kwanza, na hakuuona, na tangu hapo alikuwa haoni kitu kingine ila makosa. Walisema akienda kwa watu huhesabu vikombe.

Bi Sindano alitoa pini mdomoni. "Samahani, mwanangu. Ile si maigizo. Ile ndiyo ishara ya kutaka kutoka."

"Najua, mama," Dairekta alisema. "Ndiyo maana ni nzuri."

"Sasa akitaka kutoka kweli atafanya nini?"

"Atatuambia."

"Kwa mdomo gani? Mimi ndiye niliyeushona."

Watu wawili watatu walicheka. Dairekta alitabasamu nao, akangoja kicheko kiishe. "Tunarudia," alisema. "Mara ya mwisho."

Hapo hata fundi moshi aliangalia chini. Mara ya Mwisho lilikuwa jina walilompa Dairekta nyuma ya mgongo wake, kwa kuwa kila alipolisema walijua ziko tatu mbele.

Bi Sindano alikaa karibu na Dubwana kwenye benchi nje ya mlango, kisingizio kikiwa ni kukaza magamba yaliyolegea. Alisogeza mdomo kwenye tundu za pua.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Amependa mkono wangu."

"Wewe nawe! Mtu anakunyang'anya kengele ya nyumba yako, unashukuru kwamba imelia vizuri?"

"Shemeji, niko sawa. Ilikuwa moshi tu umenipalia."

"Kifua chako nakisikia mpaka huku. Kinapiga mluzi."

"Acha kipige. Kinafurahi." Kisha kwa sauti ndogo, "Uliahidi."

Bi Sindano alikaza gamba ambalo halikulegea. Halafu akachomoa uzi mweusi kwenye mkoba, ule mwembamba wa nailoni, akafunga ncha moja kwenye kidole cha kati cha mkono wa kushoto wa Dubwana, akaupitisha chini ya magamba ya kiganja. Palikuwa na ufa kwenye ukuta wa chombo, pale pale Dubwana anapoegemea. Yeye angekaa nyuma ya ukuta, ameshika ncha ya pili.

"Ukae umekaza kidole," alisema. "Uzi ukiwa umekazika, nakuacha ufe upendavyo. Ukilegea tu, nakuja."

"Unanifunga kamba kama mbuzi."

"Mbuzi ana akili, akibanwa hulia."

Walirudi ndani. Bi Sindano alipenya nyuma ya ukuta, kwenye vumbi na nyaya, akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Hakuona kitu. Alikuwa na uzi tu. Uzi ulitetemeka kidogo kila Mlingoti alipovuta pumzi, na Bi Sindano akaona anayashika maisha ya mtu kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika nzige asimvunje.

"Tayari?" sauti ya pamba iliuliza.

Lakini upande wa pili Dada Daftari alikuwa amekwisha inuka kwenye kigoda. Mkononi alikuwa na picha aliyoipiga kwenye kipande kilichopita, na kwenye picha ile hapakuwa na uzi. Kwenye mkono wa Dubwana sasa ulikuwepo, unang'aa kwenye taa kama ute wa konokono. Aliufuata kwa kidole mpaka kwenye ufa, akaukata kwa kucha, akauzungusha, akautia mfukoni. Akarudi kukaa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anafagia.

Taa nyekundu ikawaka. Uzi ukalala chini, mlegevu.

Bi Sindano aliuvuta. Ukaja wote. Akauvuta tena kana kwamba labda mwanzo alivuta vibaya. Halafu umri wake wote ukamshuka miguuni na akaruka kutoka nyuma ya ukuta ule kama kuku aliyemwagiwa maji, akapita mbele ya Kapteni, mbele ya kamera, akamwangukia Dubwana mgongoni, na kwa kuwa hakukuwa na mkasi akaingiza meno. Meno yake mwenyewe yalikuwa yamebaki manne mbele, na yote manne yalifanya kazi. Mshono wa kwanza ukakatika, wa pili, wa tisa.

"Shemeji!" sauti ilipaa kutoka ndani. "Shemeji, unafanya nini? Niko sawa! Ndiyo kwanza naanza!"

Kisha mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata, kicheko cha watu waliochoka, kibaya zaidi kuliko kile cha mkasi. Bi Sindano alikaa chini sakafuni, uzi umemning'inia mdomoni.

"Kalegeza uzi," alisema. "Alilegeza..."

Dada Daftari alitoa kitu mfukoni, akakitazama, rangi ikamtoka. Alikirudisha mfukoni haraka. Lakini Bi Sindano aliona.

Dairekta alikuja, akachuchumaa mbele yake kwa heshima zote. "Mama," alisema, "wewe umechoka. Umshone vizuri, kisha ukapumzike nje. Nje kabisa. Mlango nitaufunga."

"Mwanangu, huyu..." Bi Sindano alianza, na kichwa cha Dubwana kikageuka kumtazama kwa zile taa mbili za pikipiki. Hazikuwa na macho, lakini alijua zinasema nini. Uliahidi.

Akayameza maneno. Yalishuka na mifupa yake.

Alimshona tena nje ya mlango. Hakushona mishono arobaini na mmoja ya kukaza. Alifungua mgongo wote akaupiga bandi, ule mshono wa kushikizia nguo kabla haijashonwa, wa kwenda mbele tu, uzi mmoja mrefu aliopaka nta, bila fundo. Kwa nje hakuna ambaye angejua. Lakini ncha ikivutwa, mgongo mzima ungefunguka kama ganda la njegere. Ncha aliiacha ndefu, akaificha chini ya gamba la kiunoni. Bi Sindano hakumwambia Mlingoti habari ya ncha ile. Utani wa Mlingoti ulikuwa umeisha, jambo ambalo Bi Sindano hakulipenda hata kidogo.

Dada Daftari alitoka kuja kupiga picha ya mgongo, afananishe. Bi Sindano alimshika kiganja.

"Binti. Sikulaumu."

"Sikujua, mama. Niliona uzi, haukuwepo..."

"Najua. Hebu niambie la kazi yako. Dakika ya tatu, anapiga paja mara ngapi?"

"Tatu."

"Zikiwa mbili?"

"Ni kosa."

"Zikiwa nne?"

"Ni kosa."

"Haya." Akamwonyesha ncha ya uzi chini ya gamba. "Huu akiegemea utaupitisha kwenye ufa, na kigoda chako ukiweke nyuma ya ukuta pembeni, pale unapouona mkono wake. Ukiona kosa, vuta."

"Mama, mimi kosa naliandika tu. Sirekebishi mpaka kipande kiishe. Ndiyo kanuni."

"Najua kanuni. Mkasi wangu uko msumarini."

Dada Daftari alitazama mkasi, akatazama mlango. Aliuzungusha uzi kwenye kalamu yake bila kusema ndiyo wala hapana, na mlango ukafungwa. Bi Sindano akasikia komeo likiingia, halafu hakusikia tena kitu.

Juu ya mlango taa nyekundu ikawaka.

Mlinzi alikuwa amesinzia. Jua lilikuwa kali, ukuta wa ghala ulikuwa moto ukiugusa. Bi Sindano aliutoa mkasi msumarini akauweka mapajani. Hakuwa na saa. Lakini alijua mishono arobaini na mmoja humchukua dakika nne, si zaidi, maana alikuwa ameishona mara nyingi na Dairekta alimpima kwa saa. Akatia uzi kwenye sindano, akakamata upindo wa gauni lake mwenyewe, akaanza kushona.

Mshono wa kumi: sasa amepigwa na mwanga. Wa ishirini: anajivuta ukutani. Wa thelathini, hapo ndipo moshi unapomfika kifuani. Paa, paa, paa. Sindano ilimchoma, akanyonya damu, akaendelea. Wa arobaini. Wa arobaini na mmoja.

Taa haikuzimika.

Alishona wa hamsini. Taa ilikuwa nyekundu vile vile, imetulia, kama jicho la mtu asiye na haraka. Wa sitini. Alipaza sauti akaita, akaupiga mlango kwa kiganja, na mlango ukaimeza sauti kama unavyoimeza miaka yote. Mlinzi aliamka akauliza kuna nini.

"Nisaidie wafungue!"

"Taa imewaka, mama. Taa ikiwaka hawafungui."

"Mtu anakufa!"

"Si ndiyo picha yenyewe?" mlinzi alisema. "Niliambiwa leo kuna mtu anakufa."

Upindo wa gauni ulikuwa umefika mishono sabini na miwili pale komeo lilipolia. Mlango ulifunguka kiasi cha mtu mmoja. Alikuwa Dada Daftari, mweupe kwa vumbi la mbao, nywele zimeingia vipande vya trei za mayai. Mkononi alikuwa na kalamu, na kwenye kalamu amezungusha uzi mweusi, mrefu, mrefu, wenye nta.

"Alipiga mara nne," alisema. "Daftari limeandikwa tatu. Alipiga nne, mama, kisha tano, na wote walikuwa wanatazama tu, wanasema anavyoweza. Nimevuta. Hakutoka. Nimevunja ukuta."

Bi Sindano alimpita na mkasi wake mkononi, na hakuna aliyemzuia.

Moshi ulikuwa bado umesimama. Ukuta wa chombo ulikuwa umelala kifudifudi, na katikati yake Dubwana alikuwa amepasuka mgongo, na kutoka kwenye mpasuko ule Mlingoti alikuwa ametoka nusu, kichwa na bega moja, kama kitu kinachozaliwa bila kutaka. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi kidogo, yanatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kapteni alikuwa amesimama ameziba mdomo. Fundi moshi na fundi sauti walikuwa wameganda kila mmoja mahali pake, maana taa nyekundu ilikuwa inawaka, na taa ikiwaka hakuna anayetembea.

Na Dairekta alikuwa amepiga goti kando ya kamera, mkono mmoja juu, ananong'ona kwa ile sauti yake ya pamba, "Bado. Bado. Msikate. Uso... sogea kwenye uso."

Bi Sindano hakubishana naye. Alipita mbele ya kamera, akaunyanyua mkasi wenye kitambaa chekundu, akausimamisha mbele ya kioo cha lenzi, karibu kabisa, mpaka kwenye picha hakukuwa na kitu kingine duniani ila mkasi. Akauacha hapo kwa pumzi mbili.

"Haya," alisema. "Imeharibika. Sasa mnisaidie."

Hapo tu ndipo watu walipotembea.

Alikata shingo ya vazi, akakata kifua, akapasua miezi yake ya kazi mpaka vijiko vikatawanyika sakafuni. Walimtoa Mlingoti nje kwenye hewa. Muda mrefu ulipita ambao Bi Sindano hakuuhesabu kwa mishono wala kwa kitu kingine. Kisha kifua kile kikapiga mluzi, kibovu, chembamba, na hakuwahi kusikia muziki mzuri zaidi.

Mlingoti alilala hospitali siku kumi na tisa.

Sehemu ya saba ilirushwa Jumapili alasiri, na yeye aliitazama kwenye sebule ya Bi Sindano, amekaa kwenye kochi na blanketi, ndugu na majirani wamejaa mpaka dirishani. Walikuwa wameikata picha pale tu mkasi unapotaka kuingia. Mwenye jicho kali angeona wekundu kidogo pembeni. Kabla ya hapo ulikuwepo uso. Sekunde kumi na tisa, si kumi na mbili. Uso wa kijivu unaotoka kwenye mgongo wa Dubwana, unatazama mahali pasipo na mtu. Mtoto mmoja alianza kulia.

"Jamani, shemeji!" jirani mmoja alisema hatimaye. "Ulijuaje kufa namna hiyo?"

Mlingoti aliutazama uso wake muda mrefu. "Sikumbuki," alisema. Kisha akatabasamu kidogo, kama mtoto aliyeshinda kitu asichokijua. "Lakini nilikuwa vizuri, eeh?"

Bi Sindano alikwenda jikoni.

Simu ililia wiki iliyofuata. Sauti ya pamba ilimuuliza hali, ikamwombea afya shemeji, ikasema watazamaji wameandika kwa maelfu, na kwamba Dubwana, imegundulika, alikuwa na ndugu yake pacha. Lingehitajika vazi jipya. Dada Daftari ameacha kazi, amepatikana mwingine, mtulivu. Moshi utakuwa ule ule. "Na ule mkono, mama. Kwenye daftari sasa tumeandika mara tano."

"Nimtafute mtu mwingine wa kuvaa?" Bi Sindano aliuliza.

"Kwa nini? Ameshakubali."

Aligeuka. Mlingoti alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kushonea, amevua shati, amenyanyua mikono yote miwili kama mtu aliyeshikiwa bunduki, anasubiri kupimwa.

"Kuna sekunde thelathini safari hii," alisema.

Bi Sindano alikata simu. Alichukua futi, akampima kifua. Kilikuwa kimepungua vidole vitatu, na alipokizungushia futi kilipiga mluzi. Hakuiandika namba. Alikaa kwenye cherehani, akakata kipande cha mpira wa tyubu, akakishona mfuko mdogo, mwembamba, wa kukaa ndani ya kwapa la kushoto la Dubwana mpya, mahali ambapo mkono wa kulia wa mtu ukirudishwa ndani ungefika kwa shida lakini ungefika. Kisha akaufungua mpini wa mkasi ule kitambaa chekundu, akaanza kuuzungushia cheusi.

"Huo mfuko wa nini, shemeji?"

"Wa kuwekea akili," alisema, uzi mdomoni. "Maana wewe huisahau nyumbani."

Mlingoti alicheka, akakohoa, akacheka tena. Bi Sindano aliutia mkasi mfukoni kuupima. Ulienea. Akauchomoa, akampa.

"Jifunze kuutoa," alisema. "Gizani, mkono mmoja, bila pumzi. Anza sasa. Nitahesabu mishono."